Pairidostigmini au prednisoloni kwa mwenye miastenia?

Kila jioni pale Ngamiani, Tanga, kope za mama yangu mdogo zilimwangukia. Hata muhogo wa nazi ulimchosha taya. Ni miastenia gravisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huvuruga mawasiliano ya neva na misuli, misuli ikachoka upesi.

Kati ya dawa hizo mbili, kwa wepesi pairidostigmini inashinda: ndani ya saa moja kope zinainuka. Ila nguvu yake huisha baada ya saa tatu nne, na tumbo husokota. Prednisoloni huchukua wiki kadhaa, lakini inatuliza kinga ya mwili inayojishambulia. Uangalizi wake ndio mzito: sukari, presha, mifupa. Usiikatishe ghafla, tafadhali!

Dalili zikiwa machoni tu, pairidostigmini yaweza kutosha. Mwenye kisukari aseme mapema kwa daktari. Wengi huishia kutumia zote mbili. Ukianza kupaliwa au kuhema kwa shida, usikae kuchagua vidonge. Wahi hospitali ya Bombo usiku huohuo.