Darasa la judo la Kigoma ambalo ninalipendekeza

Nimefanya mazoezi kwa miezi minane katika darasa dogo la judo, mchezo wa Kijapani wa kukamatana na kuangushana, mjini Kigoma. Sitataja mtaa wala jina la mwalimu, kwa sababu sheria ya nchi inaadhibu mapenzi ya jinsia moja, na baadhi ya wenzangu hawako tayari kujulikana. Ada ni shilingi 25,000 kwa mwezi, na mavazi huazimwa hapo hapo.

Ubora wa darasa hili uko katika upangaji wa jozi. Mwalimu hamuulizi mtu kwa nini anatembea au anazungumza vile alivyo. Hutazama uzito wake na muda aliokwisha kujifunza kuanguka, basi. Wiki mbili za mwanzo tulifundishwa kuanguka tu, na kwamba anayegonga godoro mara mbili, ishara ya kusalimu amri, huachiwa papo hapo, awe nani. Mimi naitwa jike dume tangu shule ya msingi, na katika ukumbi mmoja nilikotoka nilikabwa shingo hadi nikazirai na mtu aliyedai kunifundisha kuwa mwanamke, kwa hiyo najua thamani ya kanuni hiyo. Mwalimu hupenda kutusimulia habari za Rusty Kanokogi wa Marekani, ambaye mwaka 1959 alijificha kama mwanamume ili ashindane katika judo, akashinda, kisha akanyang'anywa medali alipokiri kuwa ni mwanamke.

Dosari kubwa ni chumba cha kubadilishia nguo, ambacho ni kimoja kwa wote na mlango wake ni pazia. Anayeliona hilo kuwa jambo dogo amkumbuke Parinya Charoenphol wa Thailand, mpiganaji wa muay thai (ndondi za Kithai) aliyezaliwa mvulana lakini akajitambua kuwa msichana tangu utotoni: mwaka 1998, alipotakiwa kuvua nguo zote ili apimwe uzito katika uwanja wa Lumpinee mjini Bangkok, alilia na kukataa, akaruhusiwa kubaki na nguo ya ndani, na ulingoni akashinda. Kilichomliza ni kuvuliwa mbele za watu, wala si ngumi za mpinzani.

Mwalimu amekubali kuweka mlango wenye komeo fedha ikipatikana, nami namwamini. Kwa sasa baadhi yetu hufika tukiwa tumeshavaa suruali za judo chini ya kanga.