Mkaa wa vifuu jikoni kwangu Ngamiani: unafaa, ila ujue tabia zake

Nina mgahawa mdogo Ngamiani, hapa Tanga mjini. Mchana napika wali wa nazi, maharage na samaki wa kuchoma, jioni chapati na maandazi. Kwa zaidi ya mwaka sasa kazi zote nzito za jiko langu nazifanya kwa mkaa wa vifuu vya nazi, unaotengenezwa na kikundi cha kina mama wa upande wa Sahare. Mama lishe wenzangu wakipita na kuuona huniuliza swali lile lile: unafaa kweli, au ni mambo ya semina tu? Unafaa. Kwa mapishi yanayochukua muda unaushinda mkaa wa miti kwa mbali. Ila una tabia zake, na usipozijua utaurudisha kabla hujamaliza kiroba cha kwanza.

Nianze na maharage, maana ndiyo yaliyonishawishi. Maharage yakishachemka yanataka moto uliotulia, usiopanda wala kushuka, mpaka yalainike ndipo utie tui. Kwa mkaa wa miti nilikuwa sibanduki jikoni, kila nikigeuka moto umelala na inabidi niongeze. Kwa huu wa vifuu, jiko likishashika asubuhi nateleka sufuria, naenda zangu kukuna nazi, nakamua tui, naparua samaki, na nikirudi moto uko pale pale. Vipande vimevaa majivu meupe kwa nje na ndani ni vyekundu. Sufuria kubwa ya maharage inaiva kwa jiko moja bila kuongeza kitu.

Wali ulinipa kazi kidogo mwanzoni. Wali wa nazi lazima upaliwe, na mkono wangu umezoea kiasi cha makaa ya miti ya kuweka juu ya kifuniko. Vipande vya vifuu ni vizito na vinakaa na joto muda mrefu, kwa hiyo kiasi kile kile kinakausha wali wa juu. Siku hizi naweka nusu ya nilivyozoea, na wali unatoka punje punje. Tena havirushi cheche. Anayepika amejifunga kanga anajua maana ya mkaa usiorusha cheche, na hata mkate wa kumimina, unaotaka moto juu na chini, siuogopi tena.

Samaki nao vizuri. Moto hauna harufu, kwa hiyo changu au kolekole anabaki na ladha ya ndimu, chumvi na pilipili uliyompaka.

Usipofaa ni kwenye haraka. Chai ya asubuhi, mayai ya mteja aliyesimama na begi lake anawahi basi, chapati ambazo moto wake unataka kupandisha na kupunguza kila dakika: hapo natumia mtungi wa gesi na sioni sababu ya kujitesa. Mkaa wa vifuu unachelewa kushika. Unahitaji kianzio cha makumbi makavu au makaa machache yaliyokwisha kuwaka, uviweke vipande juu yake vikiwa vimeachana ili hewa ipite, kisha uuache. Ukianza kuuchokoachokoa na kuupepea kwa fujo vipande vinavunjika na unajipatia chenga. Jiko nalo liwe na matundu mazuri chini. Kwenye jiko la bati lililochakaa unapoteza joto lote pembeni. Kwenye lile lenye udongo ndani ndipo utaona thamani yake.

Jambo jingine ambalo muuzaji asipokuambia utaumia ni kuzima. Mkaa wa miti ukibaki unaunyunyizia maji, unauanika, kesho unawaka tena. Huu ukiumwagia maji umeisha, kwa sababu kinachoshikilia vipande ni uji wa unga wa muhogo. Vinalowa, vinafumuka, unabaki na tope jeusi. Mimi nachukua vilivyobaki kwa koleo, navifunika ndani ya sufuria chakavu yenye kifuniko kizito, vinazimika vyenyewe kwa kukosa hewa.

Nilikwenda kuona wanavyoutengeneza kabla sijaanza kununua kwa wingi, na nawashauri wengine wafanye hivyo hivyo. Vifuu wanavikusanya kwa wakamua mafuta ya nazi, kwa wauza nazi sokoni na kwetu sisi wenye migahawa. Zamani vyangu nilikuwa navitupa au nampa mtu avichome kama kuni, na kifuu kibichi kikiwaka kinatoa moshi mzito wa kuwasha macho. Wao wanavitoa nyuzi za makumbi, wanavijaza kwenye pipa la chuma lenye matundu chini, wanawasha, na moto ukishakolea wanayaziba matundu kwa udongo na kufunika juu. Bila hewa ya kutosha kifuu hakiungui kikawa majivu, kinageuka mkaa. Pipa likipoa wanausaga, wanachanganya unga ule mweusi na uji wa muhogo, wanaupitisha kwenye mashine ya kushindilia, na vipande vinatoka vikiwa na tundu katikati. Kisha ni jua.

Mwenyekiti wao, mama mtu mzima wa Kidigo, alichukua vipande viwili akavigonganisha mbele yangu. Vikalia mlio mkavu, kama vigae. "Mwanangu," akaniambia, "kisicholia hivi usikinunue, hata nikikuuzia mimi." Nimelishika neno lake. Kitu kingine alichonionyesha ni majivu. Majivu ya vifuu ni meupe au ya kijivu hafifu na ni machache. Ukiona majivu mengi ya rangi ya udongo, jua mtengenezaji ameongeza udongo ili kupata uzito, na unalipia kitu kisichowaka. Wapo wanaofanya hivyo, na wanaharibu jina la wenzao wote.

Ninachopendea zaidi kazi hii ni mkaa wa miti inaouondoa jikoni. Magunia mengi yanayoingia Tanga mjini yanatoka bara ya mkoa wetu, Handeni na Kilindi, na mkaa huo unachomwa kwenye matanuru ya udongo ambako kupata kilo moja ya mkaa unateketeza kilo tano mpaka kumi za kuni. Nchi nzima, takwimu za serikali zimekuwa zikitaja upotevu wa misitu wa hekta 469,420 kwa mwaka, na mkaa na kuni ni miongoni mwa sababu. Huku pwani kuna mikoko. Misitu yote ya mikoko nchini ni hifadhi, kuikata bila kibali ni kosa, lakini mkandaa una moto mkali na watu wanaukata. Mimi nauza samaki. Kamba na samaki wengi wanakulia kwenye mizizi ya mikoko wakiwa wadogo, kwa hiyo nikinunua mkaa wa mikoko nauchoma mtaji wangu mwenyewe. Hili nalisema kwa uchungu, maana nimekulia hapa na nimeona ufuko ukibadilika.

Serikali nayo ilizindua Mei 2024 mkakati wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Gesi na umeme ndivyo vinavyosemwa zaidi. Lakini mama lishe anayechemsha maharage kila siku akipiga hesabu ya mitungi anashika kichwa, na hapo katikati ndipo mkaa kama huu una kazi. Upo pia mkaa mbadala wa STAMICO, shirika la madini la taifa, uitwao Rafiki, unaotokana na makaa ya mawe ya Kiwira. Ule ni kitu kingine, unachimbwa ardhini. Huu wetu unatokana na kilichobaki baada ya kukuna nazi. Na Tanga si wageni wa kutumia mabaki: jani la mkonge linatoa nyuzi kidogo sana, kama asilimia 4 tu, na pale Hale, mkoani kwetu, mwaka 2008 ulizinduliwa mtambo wa kuzalisha gesi kutokana na yale yanayobaki.

Sasa masika. Hapa ndipo nilipokasirika. Mvua zilipoanza nililetewa mzigo usiokauka. Kwa nje vipande vilionekana sawa, lakini jikoni vilitoa moshi, vikapasuka, maharage yakachelewa na wateja wa mchana wakaenda kwa jirani. Nilipiga simu nikiwa moto. Wakaja siku ile ile, wakauchukua mzigo wote bila ubishi na kunirudishia fedha, kwa sababu mkaa mkavu wa kunibadilishia hawakuwa nao. Kurudisha fedha ni uungwana, lakini mimi nilibaki bila mkaa na nikalazimika kununua gunia la mkaa wa miti. Chanzo ni kwamba wanaanika uwanjani, juu ya maturubai, na mvua ya Tanga ya Aprili na Mei haikuachii uwanja. Bila banda la kukaushia lenye paa la kupitisha mwanga, kila masika itakuwa hivyo.

Mifuko ilichangia. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na wao kwa nia njema wanafungia mkaa wa rejareja kwenye mifuko ya karatasi. Kiangazi haina shida. Masika karatasi inanyonya unyevu wa hewa na mkaa unanyonya kutoka kwenye karatasi. Niliwaambia, na sasa sisi wenye migahawa tunaletewa kwenye ndoo kubwa zenye vifuniko: kijana analeta ndoo iliyojaa kwa baiskeli, anaondoka na tupu. Ndani ya ndoo tupu natia vifuu vyangu vya wiki, na wananipunguzia bei kwa uzito wake. Utaratibu huo ni mzuri kuliko wote niliouona kwa mfanyabiashara yeyote ninayemlipa. Hakuna kinachotupwa, na hakuna anayemwomba mwenzake msaada.

Bei: nanunua shilingi 1,200 kwa kilo. Ukilinganisha kilo kwa kilo, mkaa wa miti ni nafuu. Lakini sisi mkaa wa miti hatuununui kwa kilo, tunanunua kwa kopo na gunia, na gunia lina chenga chini na wakati mwingine mawe. Kwa jiko langu, fedha ninayotumia kwa mwezi imeshuka, si kwa kiasi cha kutangaza, ila imeshuka. Kwa nyumba ya watu wawili wanaopika haraka haraka sidhani kama utaona tofauti, na kwa hao nisingeusifia sana.

Kitu kimoja naomba kila mtu akisikie: mkaa usio na moshi si mkaa usio na sumu. Mkaa wowote, wa miti au wa vifuu, unatoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na rangi wala harufu, nayo inaua. Kwa kuwa huu hauwashi macho, mtu anaweza kujisahau akaingiza jiko ndani usiku wa baridi na kufunga dirisha. Usifanye hivyo. Ningependa kikundi waandike onyo hilo kwenye kila mfuko. Mpaka sasa hawajaandika, na nimeshawaambia.

Wasiwasi wangu mwingine ni nazi yenyewe. Minazi ya pwani yetu inakufa kwa ugonjwa wa kunyong'onyea, mingine ni mizee, na anayekata mnazi si lazima apande mwingine. Vifuu vikipungua, kishawishi cha kuchanganya udongo kitaongezeka. Mwenyekiti aliniambia wanafikiria kuchanganya mabaki mengine ya mashambani. Sina kipingamizi, mradi wauze kwa jina tofauti na bei tofauti, kwa sababu mimi nalipia vifuu.

Wameanza kwa mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambao 4 ni za wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu. Mkopo hauna riba lakini lazima urudi, na ndiyo maana naandika kwa ukali kuhusu masika. Wateja wakubwa wakikimbia miezi miwili kila mwaka, hawa kina mama hawatafika mbali, na mimi nataka wafike.

Kwa hiyo ukitaka kujaribu, anza kiangazi, chukua kilo chache, pika kitu cha saa mbili au zaidi. Gonganisha vipande kabla ya kulipa. Kama una mgahawa, dai ndoo badala ya mfuko wa karatasi na uwaulize wanakusanya vifuu siku gani. Kuhusu banda, nimemwambia mwenyekiti kwamba nitalipa nusu ya mzigo wangu wa masika ijayo mapema ili wanunue mabati ya kupitisha mwanga, na wenzangu wa barabara ya kwetu ambao wameshautumia wamesema watafikiria kufanya hivyo pia. Wakilijenga, nitaandika tena baada ya mvua.