Nakala ya Pierrot: Punda Yuko Wapi?

Nilikusudia kuisifu nakala hii ya Pierrot, yule mchekeshaji wa maigizo ya Kiitalia aliyechorwa na Mfaransa Antoine Watteau, niliyoiagiza baada ya kuuona mchoro wenyewe katika jumba la makumbusho la Louvre, Paris, na kusimama mbele yake hadi miguu ikafa ganzi. Kusema kweli, rangi zimekolea, na lile vazi jeupe halikugeuka shuka la hospitali kama katika nakala nyingi za bei nafuu.

Lakini punda yuko wapi? Katika mchoro ule wa mnamo 1718, Pierrot amesimama nje peke yake, mikono imening'inia, suruali imemkatikia juu ya vifundo vya miguu, na nyuma yake, chini kidogo, wenzake wa maigizo ya Kiitalia wanashughulika na mambo yao. Kushoto kabisa mmoja wao, mhusika aitwaye Daktari, amempanda punda, naye punda ana jicho jeusi linalokutazama moja kwa moja. Kwa maoni yangu, ni Pierrot na punda tu wanaojua kuwa wanachekwa. Ukimtoa mmoja, mwingine anabaki kijana aliyevaa nguo zisizomkaa.

Fundi wa duka nililoagizia aliikunja kanvasi pembeni kupita kiasi alipokuwa akiivuta juu ya fremu, kichwa cha punda kikaenda nyuma ya ubao, na pini ya stepla ikapigwa juu ya jicho lake. Nilipopiga simu, mhudumu alinijibu kwamba nilinunua Pierrot, sikununua mnyama, kisha akaniuliza kama nina shida nyingine. Mimi nimekulia Lamu, nikalala na kuamka kwa sauti za punda, na sijapata kusikia mtu akimtaja kwa dharau kama ile.

Waigizaji wa Kiitalia walifukuzwa Paris na Mfalme Louis wa 14 mwaka 1697, wakarudi mwaka 1716 baada ya yeye kufa. Mfalme alitoa amri. Hawa wamemfukuza punda kwa stepla.

Nilikuwa nimewapa nyota tatu, kwa ajili ya rangi, na huenda ningeziacha. Usiku nikaing'oa ile pini kwa kisu cha mezani na kulikunjua pindo: rangi imepasuka palipokunjwa, na jicho lina matundu mawili. Nimezifuta nyota mbili. Iliyobaki ni ya Pierrot, ambaye hana kosa.