Barakoa ya silikoni ya kutumia tena, nimeikubali ila usafi wake usiuchezee

Hii barakoa yenye filta mbili za pembeni nimekua naivaa wodini miezi kadhaa sasa na kwa kweli inakaa usoni vizuri kuliko barakoa za N95 za kutupa, halafu filta zake za P100 zinazuia angalau 99.97% ya chembe wakati N95 ni 95%. Kila nikivaa naziba filta kwa viganja navuta pumzi taratibu, ikinywea kidogo usoni na kubaki hivyo najua haivuji. Mwenye ndevu hapo asahau, hewa itapita tu pembeni. Shida sauti jamani, wagonjwa wazee hawakusikii mpaka uiname karibu.

Usafi sasa, hapa ndo watu wanaharibu. Mwenzangu alizamisha filta kwenye maji ya klorini akijua anasafisha, zote zikawa za kutupa!! Toa filta kwanza, osha barakoa kwa maji ya vuguvugu na sabuni isiyo kali, suuza, paka dawa ya kuua vijidudu uiache ilowe muda ulioandikwa kwenye chupa, suuza tena, iache ikauke yenyewe. Na ile valvu ya kutolea pumzi ichungulie kabisa, unywele mmoja ukinasa pale haifungi.