Orion-Tr Smart 12/12-30: chaja ya betri ya pili kwenye pikapu

Kwa pikapu inayobeba friji na taa za kambi, chaja hii ya Victron ya Uholanzi inaipita mbali relei ya kawaida (swichi inayoendeshwa na umeme). Relei huunganisha betri ya mbele ya injini na ya pili ya nyuma tu, basi; betri ya nyuma inaambulia volti zilizosalia baada ya nyingine kupotelea kwenye waya. Orion huzipandisha hadi 14.4 zinazotakiwa na betri nyingi za AGM (betri za risasi zilizofungwa), kisha huzishusha betri ikijaa. Inatoa ampea 30, kwa hiyo betri ya Ah (ampea-saa) 100 iliyonyonywa nusu hurudi karibu kujaa kwa saa mbili hivi za mwendo. Asilimia za mwisho huenda polepole.

Wanaolalamika kwamba inawaka na kuzima ovyo waangalie waya kwanza. Kifaa hutambua injini inanguruma kwa kupima volti zinazoingia, na kwa mpangilio wa kiwandani zikifika chini ya 13.1 kinajizima. Kikifanya kazi kinavuta ampea 38 hivi. Waya wa mm² 6, mita tano kwenda na tano kurudi, unapoteza volti moja na ushee: altaneta inatoa 14.2, kifaa kinaona chini kidogo ya 13.1, kinazima, volti zinapanda, kinawaka tena. Waya wa mm² 16 unapoteza 0.4 tu, na ndio mnene kuliko wote unaoingia kwenye matundu yake. Ethi (waya hasi) nayo ivutiwe waya wake hadi betri ya mbele. Ukiifunga kwenye boliti ya bodi yenye rangi na kutu, ni tatizo lile lile.

Fyuzi ya ampea 60 ikae karibu na kila betri, maana pande zote mbili zina umeme wa betri. Unganisha kila kitu fyuzi zikiwa nje, uzirudishe mwisho.

Chini ya boneti usiifunge: ikipita nyuzi joto 40 inapunguza umeme. Iweke nyuma ya kiti, wima, na nafasi ya sentimita 10 juu na chini. Aina isiyotenganisha ethi inatosha kwa pikapu, usilipie nyingine.

Kasoro yake kubwa ni kwamba ampea hazipunguziki, hata kwa programu ya simu. Betri ndogo ya Ah 50 itaelemewa, inunulie 12/12-18, yaani ya ampea 18. Pia haiizuii friji kuinyonya betri hadi ife, kwa hiyo friji iwe na kinga yake.