Kells, Ireland: uzoefu wangu na misalaba ya mawe na mnara wa watawa

Anayekwenda Kells, Kaunti ya Meath, kwa ajili ya Kitabu cha Kells, yaani Injili za kale zilizoandikwa kwa mkono na kupambwa kwa michoro, atarudi mikono mitupu. Kitabu hicho kiko Trinity College, Dublin, tangu karne ya 17. Kells utaona nakala tu. Lakini mji huu naupa nyota nne, na ni kwa sababu ya mawe yake.

Kutoka Dublin ni kama kilomita 65 na mabasi yapo. Anzia kwenye jengo la zamani la mahakama. Nje yake, chini ya paa, umesimama Msalaba wa Sokoni. Zamani ulisimama kwenye njia panda katikati ya mji, mpaka gari lilipougonga mwaka 1996. Ndiyo maana ukahamishwa.

Ukitoka hapo panda hadi uwanja wa Kanisa la Mtakatifu Columba, na hapa usiwe na haraka. Mwaka 806 Wavikingi, wavamizi wa baharini kutoka kaskazini, waliwaua watu 68 kisiwani Iona, Scotland, kwenye monasteri aliyoianzisha Columba; mwaka uliofuata jumuiya yake ya watawa ikaanza kujenga makao mapya Kells. Mnara wa duara ulio uwanjani hapa una urefu wa mita 26 hivi na kofia yake ya mawe haipo tena. Hesabu madirisha ya juu: ni matano, wakati minara mingi ya aina hii ina manne. Kupanda ndani hairuhusiwi.

Karibu na mnara kuna Msalaba wa Patrick na Columba, nao ndio bora kuliko yote. Msomaji wa Biblia hahitaji kiongozi. Simama upande wa mashariki usome kutoka chini kwenda juu: Adamu na Hawa pamoja na Kaini na Abeli, vijana watatu katika tanuru, kisha Danieli kati ya simba. Mikononi mwa msalaba yuko Isaka akitolewa sadaka, na ng'ambo Paulo na Antoni, wale watawa wa jangwani. Upande wa magharibi ni kusulubiwa.

Wengi hupiga picha na kuondoka wakilalamika kwamba hawakuona kitu. Tatizo ni mwanga. Michoro imechongwa kwa kina kidogo na mvua ya karne nyingi imeilamba, kwa hiyo jua la utosini au wingu zito huifuta kabisa. Upande wa mashariki uutazame asubuhi, wa magharibi alasiri. Siku ya mawingu, shika tochi ya simu kwa pembeni, karibu na jiwe lakini bila kuligusa, vivuli vitajitokeza. Usipake chaki wala kukwangua kuvu.

Msalaba ambao haukumalizika usiupite. Vibao vyake vingi vimeachwa vitupu, vimeinuka tu kwenye jiwe, na hapo unaelewa kazi ilivyokwenda: fundi alikata umbo zima kwanza, sanamu zikafuata. Binafsi umenifundisha kuliko ubao wowote wa maelezo.

Nyumba ya Mtakatifu Columba iko juu kidogo, mwendo wa dakika chache. Paa lake la mawe limesimama kwa sababu kuba, yaani dari la mawe lililopinda, lililo chini yake linazuia pande mbili za mteremko zisibonyee ndani. Nafasi iliyobaki kati ya kuba na paa ndiyo vyumba vidogo vya darini, vya kufikia kwa ngazi. Mlango hufungwa, hivyo ulizia ufunguo mapema mjini. Hapo ndipo nilipopunguza nyota.

Sinodi (mkutano wa viongozi wa Kanisa) ya mwaka 1152, iliyoipa Ireland maaskofu wakuu wanne (Armagh, Cashel, Dublin na Tuam), ilikutana Kells, ila usitegemee kuona jengo lake. Muda ukibaki, nenda Mnara wa Lloyd wa mwaka 1791, magharibi ya mji: umbo la mnara wa taa, mbali na bahari. Hufunguliwa siku chache tu, hasa sikukuu, lakini makaburi ya maskini yaliyo jirani yake unaweza kuyazuru.