Mtambo wa bayogesi ya samadi: uzoefu wangu hapa Meru

Watu wakija kuuona mtambo wetu wa kugeuza samadi kuwa gesi ya kupikia huuliza kwanza habari ya jiko: moto unatosha? Unatosha. Lakini kwa miaka niliyoutumia, mimi ningeujenga tena hata kwa ajili ya mbolea inayotoka humo peke yake, na nasikitika kuona nyumba nyingi zinafurahia moto huku mbolea ikiachwa itiririke mtaroni.

Wetu ni mtambo wa kuba la tofali lililofukiwa ardhini, mita za ujazo 6, wa aina iliyoenezwa na CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia ya vijijini cha hapa Arusha. Ng'ombe wa maziwa tunawafugia bandani, kwa hiyo samadi iko karibu. Kila asubuhi ndoo mbili za samadi mbichi zinamwagwa kwenye chemba ya kuchanganyia pamoja na ndoo mbili za maji. Tunakoroga hadi iwe kama uji mwepesi, tunatoa mabua na mawe, kisha tunazibua iingie ndani. Hapo ndipo ninapoupenda mtambo huu: kinyesi cha ng'ombe sehemu kubwa ni maji, na kukiwasha lazima ukianike kwanza. Mtambo unakitaka hivyo hivyo kilivyo kibichi. Bakteria wasiohitaji hewa wanakimeng'enya humo gizani na kutoa gesi, zaidi ya nusu yake ikiwa methani, ambayo ndiyo inayowaka. Kule Hale, Tanga, mabaki ya mkonge yaliyokuwa yakitupwa baada ya kukamua nyuzi yalitumika kwa njia hiyo hiyo hadi kuzalisha umeme.

Gesi yetu inatosha chai ya asubuhi, ugali na mboga, mtori, na maji ya kuoga ya watoto. Moto ni wa buluu, sufuria hazishiki masizi, na mama mkwe wangu, aliyekohoa miaka yote jikoni kwa kuni, sasa anapika akiwa amekaa kwenye kiti na mlango wazi. Makande ni habari nyingine. Mahindi na maharage yasiyolowekwa yanamaliza gesi ya jioni nzima, kwa hiyo tunaloweka usiku kucha, na kwenye sherehe tunarudi kwenye mafiga. Baridi ya Juni na Julai nayo inapunguza gesi, maana bakteria hao wanapenda joto. Nyumba yenye watu wengi isiuze mtungi wake wa gesi ya dukani.

Jirani aliniuliza, "Mama, hilo dude halitalipuka siku moja?" Gesi hii ni nyepesi kuliko hewa, hupanda na kutoka dirishani, tofauti na ya mtungi inayotuama sakafuni. Ikivuja utanusa yai viza. Funga koki, fungua madirisha, usiwashe chochote.

Sasa mbolea. Gesi inapotoka inaondoka hasa na kaboni. Naitrojeni, fosforasi na potashi, ambazo ndizo chakula cha mimea, zinabaki kwenye tope linalosukumwa nje upande wa pili. Tope hilo halina ule uvundo wa samadi mbichi, na nzi hawalijali. Tunalipeleka kwa mfereji hadi kwenye migomba, na la bustani tunalichanganya na majani kwenye shimo la mboji lenye kivuli, kwa sababu likikaa juani naitrojeni inapaa hewani. Migomba iliyo karibu na mfereji inabeba mikungu ambayo ile ya mbali, mbegu ile ile, haijawahi kubeba. Mbolea ya dukani siku hizi sinunui kwa ajili ya mboga.

Kasoro ninayoilalamikia ni ya fundi wetu. Alilaza bomba la gesi likiwa na bonde katikati na hakuweka mtego wa maji, yaani mahali pa kukusanyia na kutolea maji yanayoingia bombani. Gesi hutoka na unyevu, unyevu ukapoa na kukusanyika kwenye lile bonde, na moto ukawa unarukaruka na kuzimika ugali ukiwa motoni. Fundi mwingine aliweka koki ndogo ya kutolea maji pale chini, na tangu hapo moto umetulia.

Kama huna ng'ombe wa bandani angalau wawili na maji ya uhakika kiangazi, usijenge. Wanaochungia mbali watachoka kukusanya samadi. Ng'ombe akichomwa antibiotiki, samadi yake isiingie mtamboni hadi dawa iishe mwilini, la sivyo bakteria wako wanaweza kufa. Na kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho, mwambie afungue gesi mbele yako, kisha pakeni povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba kuanzia kwenye kuba hadi jikoni. Panapotoa mapovu, akaze upya, na mtego wa maji akuoneshe kwa kidole ulipo.